Tik ya Tatu

Usiku ule tulikuwa tunafunga injini. Nasema tulikuwa, kwa sababu shangazi naye alikuwepo karakana, amekalia kreti iliyofudikizwa, miwani imeshuka puani, anapinda gauni la mteja wake. Gari lilikuwa lake. Alikuwa ameniambia wazi kwamba hataki kuletewa habari za gari lake sebuleni, anataka kuziona mwenyewe.

Neno kufunga hapa ni la kweli kabisa. Bloku la Volkswagen Beetle ni vipande viwili vinavyokutana kwa wima, mithili ya kitabu. Unalaza kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na kamshafti, mhimili unaofungua valvu, kwenye ukurasa wa kushoto, kisha unafunika kwa ukurasa wa kulia. Hapo katikati hakuna gasketi. Ni aloi ya magnesi juu ya aloi ya magnesi, na utando mwembamba wa gundi ya kuzuia oili.

Lilikuwa la mwaka 1966, injini ya 1300, au ukipenda hesabu kamili, sentimita za ujazo 1,285. Umeme wake volti 6, taa zake za mbele zinamulika kama mtu anayesitasita kusema. Shangazi aliliendesha miaka mingi, likaja likalala chini ya turubai miaka 14. Ya bodi sitayasimulia, maana kutu ni kutu na msasa ni msasa. Nitaje tu sakafu ya chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, pale betri inapokaa: nilipoinua zulia niliona saruji ya karakana.

Nilikuwa nimemweleza shangazi kazi ya usiku ule tangu mwanzo, kwa majigambo kidogo, nikiri. Kranki inazungukia beringi nne. Ya pili imegawanyika nusu mbili. Nyingine tatu ni pete nzima, unaivisha kranki kama bangili. Kila pete ina tundu mgongoni, na ndani ya bloku kuna pini ya chuma inayolingoja tundu hilo, ili beringi isizunguke pamoja na kranki ikaziba njia ya oili. Sasa kasheshe ni kwamba kranki ikishalala, tundu hulioni, limelaliwa. Unaisogeza pete kwa ncha za vidole, kidogo, kidogo, mpaka idumbukie kwenye pini. Ikidumbukia inalia.

"Inaliaje?"

"Tik. Utasikia tik tatu, shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, uzi uko menoni.

Wenye uzoefu hawategemei sauti. Kabla ya kulaza kranki, wanaiweka kila pete mahali pake peke yake, wanahakikisha imekaa kwenye pini, kisha wanapiga alama ya penseli pale pete inapolingana na ukingo wa bloku. Baadaye ni kulinganisha alama tu. Nilikuwa nimesoma hayo, tena mara mbili. Penseli ilikuwa sikioni.

Nikaishika kranki kwa konrodi mbili za juu, ile mikono inayoiunganisha na pistoni, nikaishusha taratibu. Beringi ya kwanza, ile nene ya upande wa flaiwili: tik, safi kabisa. Ya nne, ile ndogo ya upande wa puli: tik. Ya tatu ilizunguka kidogo, ikagoma, ikazunguka tena, nikahisi imetulia. Nikahamia kwenye kamshafti. Hapo nilikuwa makini kuliko maisha yangu yote, kwa kuwa gia ya kamshafti ina nukta moja ambayo lazima iingie katikati ya nukta mbili za gia ya kranki. Jino moja likipishana, valvu zitafunguka wakati si wake. Nikamulika kwa tochi. Nukta moja, katikati ya mbili. Nikapaka gundi.

"Ulisema tatu," shangazi akasema bila kuinua macho. "Mimi nimesikia mbili."

"Ya tatu ilikuwa ndogo, shangazi."

"Haya."

Nimeishi na shangazi tangu nikiwa na miaka tisa na ninaijua "haya" yake. Lakini gundi nilishaipaka na ilikuwa inaanza kukauka, na mtu mwenye gundi inayokauka hasikii la mwadhini. Nikafunika.

Kuna nati sita kubwa, unazikaza kwa zamu mpaka futi-pauni 25, na kila baada ya raundi unazungusha kranki kwa mkono. Raundi ya kwanza ilizunguka. Ya pili ikawa nzito. Nikajiambia ni mambo ya vitu vipya. Ya tatu ikakwama kabisa, na mimi, badala ya kushika spana ya kufungulia, nikatafuta bomba refu la kuongezea nguvu.

"Mbona haiendi?"

"Beringi mpya huwa zinabana kidogo, shangazi."

"Hata viatu vipya hubana. Lakini mtu anatembea." Akaliweka gauni chini. "Fungua, mwanangu."

Nikafungua. Nusu mbili ziliachana na nyuzi za gundi zikivutika katikati, na sikuhitaji hata kunyanyua kranki nzima kujua. Beringi ya tatu ilikuwa imeikalia pini yake pembeni mwa tundu, pengine milimita tatu. Mgongoni pini ilikuwa imeacha kibonyeo cha ukubwa wa punje ya dengu, na upande wa ndani, pale panapotakiwa pawe laini kama kioo, kulikuwa na kinundu kinacholingana nacho. Nilikipitishia ukucha. Ukucha ukakwama.

Kinachouma zaidi ni mahali beringi hiyo inapokaa. Ya kwanza na ya nne unazichomoa kama pete kidoleni. Ya tatu imefungiwa nyuma ya gia ya kranki, ile inayozungusha kamshafti, na gia hiyo huingia ikiwa ya moto. Mchana kutwa nilikuwa nimeipasha joto na kuiteremsha, nikafuatisha pete ya nafasi, gia ya shaba inayozungusha distribyuta, na klipu ya mwisho. Vyote hivyo vikatoka tena. Beringi nazo huuzwa seti nzima, kwa hiyo zile tatu zisizo na kosa zikawekwa rafuni, na kazi ikasimama wiki mbili.

Mara ya pili nilipiga alama za penseli kwenye kila pete. Shangazi alinifanya nizime redio, akavua miwani, sijui kwa nini, kana kwamba masikio yanahitaji nafasi.

Tik. "Moja."

Tik. "Mbili."

Ya tatu, alama ya penseli ililingana na ukingo kwa macho yangu yote mawili. Nikamwangalia. Akatikisa kichwa. Nikainama, nikaibonyeza pete kwa kidole gumba, nikaisogeza unywele, nikarudisha unywele, jasho linadondokea ndani ya bloku nikilifuta kwa kanga yake ya zamani. Dakika kumi, labda zaidi.

Tik.

"Haya," akasema, na hii ilikuwa haya nyingine kabisa. Nati sita zilipokazwa, kranki nilikuwa naizungusha kwa vidole viwili.

Injini yenyewe iliwaka miezi mitatu baadaye, asubuhi ambayo shangazi alikuwa kasafiri, kwa hiyo nilimpigia simu na kumwekea ekzosi isikike. Akaniuliza mbona inapiga kelele hivyo.

Beringi iliyobonyea aliiomba siku ile ile tulipoifungua injini. Iko mezani kwake mpaka leo, inakandamiza karatasi za mitindo zisipeperuke, kibonyeo kikiwa juu.