Nilivyojifunza kazi ya ini nikiwa upande wa ziwa

Njia ya udaktari bingwa wa ini hapa Kenya ni ndefu. Shahada ya kwanza ni miaka 6, kisha miezi 12 ya mafunzo kazini, usajili wa KMPDC (baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya), halafu shahada ya uzamili ya magonjwa ya ndani, miaka 3 au 4 kutegemea chuo. Ini huja mwisho kabisa, pamoja na tumbo na utumbo, kwa mafunzo ya ziada ya kama miaka 2 Nairobi au nje ya nchi. Lakini mkono wenyewe nilianza kuujenga mapema, nikiwa bado regista (daktari anayesomea ubingwa) wa wodi, kwa sababu kando ya Ziwa Viktoria magonjwa ya kufundishia hayatafutwi: hepatitisi B, kichocho, kifua kikuu cha tumbo na pombe.

Nilianzia kwenye kutoa maji tumboni. Mgonjwa akilazwa tumbo limejaa maji, namchoma siku hiyo hiyo, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Mazoea ni kuchoma upande wa kushoto chini, kama sentimita 3 juu na ndani ya ncha ya mfupa wa nyonga, mbali na makovu ya upasuaji. Huku kwetu napapasa bandama kwanza. Mtu aliyekulia Usenge au Mbita, kando ya ziwa, na kichocho cha miaka mingi anaweza kuwa na bandama iliyofika kitovuni, na sindano ya kushoto itaishia humo. Huyo namchoma kulia, na mashine ya picha ikiwepo naitumia. Ngozi naivuta sentimita 2 hivi kabla ya kuchoma ili tundu la nje na la ndani yasilingane. Usipofanya hivyo maji yatavuja usiku kucha na manesi watakulaumu, tena kwa haki.

Maji ya kuotesha vijidudu nayatia hapo hapo kitandani kwenye chupa za damu, mililita 10 kila chupa. Yakipelekwa maabara kwenye kichupa kitupu, mara nyingi hakioti kitu hata kama maambukizi yapo. Ya kuhesabu seli yanaingia kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau na kupelekwa mara moja, maana seli zikikaa huharibika. Neutrofili (chembe nyeupe za kupambana na bakteria) 250 au zaidi kwa milimita moja ya ujazo: naanza dawa bila kungoja majibu ya kuotesha.

Kipimo kilichonisaidia kuliko vyote ni cha bei ndogo: albumini (protini inayotengenezwa na ini) ya damu ukitoa albumini ya maji ya tumbo, zote za siku moja. Damu ikiwa gramu 2.6 kwa desilita na maji 0.9, tofauti ni 1.7. Kuanzia 1.1 kwenda juu, shinikizo liko kwenye mshipa mkubwa unaoingiza damu kwenye ini. Chini ya hapo nawaza kifua kikuu au saratani. Angalia vizio vya kipimo: maabara nyingi huandika gramu kwa lita, na hapo mpaka ni 11, si 1.1. Ukitoa zaidi ya lita 5 kwa mkupuo, rudisha albumini gramu 8 kwa kila lita iliyotoka. Lita 6 ni gramu 48, yaani karibu chupa mbili na nusu za mililita 100 zenye asilimia 20. Familia ikishindwa kuzinunua, natoa maji kidogo kidogo.

Hesabu ya APRI, ya kukadiria makovu ya ini, nayo inataka akili. Unagawanya AST (kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu) kwa kiwango chake cha juu cha kawaida, unagawanya tena kwa chembe sahani (zinazogandisha damu, zikihesabiwa kwa bilioni kwa lita), kisha unazidisha kwa 100. Kwa mwongozo wa WHO wa 2024 wa hepatitisi B, zaidi ya 1 inaashiria sirosisi, yaani ini lililojaa makovu. Sasa chukua mvuvi mwenye AST 44, mpaka 40, chembe sahani 50: jibu ni 2.2. Sirosisi? Huenda hana. Bandama kubwa ya kichocho ndiyo inayomeza chembe sahani, na ini lake bado linafanya kazi. Hatari yake ni kutapika damu. Huyu nampeleka kwenye endoskopi (kamera ya kuchungulia umio na tumbo), na prazikwanteli, dawa ya kichocho, nampa, ingawa haiondoi mara moja makovu yaliyokwisha kujijenga.

Kwa hepatitisi B sheria yangu ni moja: hakuna tenofovia, dawa inayozuia virusi vya hepatitisi B na vya HIV pia, kabla ya kipimo cha HIV. Tenofovia peke yake kwa mwenye HIV huzaa usugu wa virusi. Na aliye kwenye ARV zenye tenofovia asibadilishiwe ovyo, kwani virusi vya ini vikiachiwa ghafla huweza kulipuka.

Upande wa utafiti, sampuli za seramu (majimaji ya damu iliyoganda) nazigawa nusu mililita nusu mililita kabla ya kugandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, ili kipimo kimoja kisilazimishe kuyeyusha zote. Kila kichupa kinaandikwa kwa kalamu isiyofutwa na baridi. Friza iwe kwenye laini ya jenereta, na mlinzi wa usiku awe na namba ya kupiga umeme ukipotea. Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) vitangulie vyote. Damu iliyochukuliwa kwa utafiti kabla ya kibali haitumiki, hata ikiwa imehifadhiwa vizuri namna gani.