Beseni la Chupa

Mpwa wangu ameniandikia usiku huu: "Mjomba, kesho ni kilomita 10 na jua linatisha. Nianze na kasi gani?" Nimemjibu kwa mstari mmoja: punguza mwendo, kila kilomita ichukue sekunde 15 zaidi ya ulivyozoea, na kilomita 2 za mwanzo usiiangalie saa kabisa. Najua hatasikia. Ila swali lake limenirudisha kwenye siku ya beseni, ambayo baadhi yenu mmeisikia kutoka kwa mwenyewe aliyetumbukizwa humo, mkimbiaji anayedai nilimkosesha medali. Huu ni upande wa pili.

Mbio zile, za kilomita 10 pia, tulipangiwa kuanza saa 12 na nusu asubuhi, lakini magari hayakuondolewa njiani kwa wakati, na tukaachiwa saa 2 ikikaribia. Katika msimu wa joto saa moja na ushee si jambo dogo. Lami imeshaanza kurudisha joto miguuni, kivuli cha majengo kimejikunja, na siku ile upepo ulikuwa umelala kabisa, hewa nzito kwa unyevunyevu. Watu hutazama nyuzi joto tu, lakini unyevunyevu ndio wa kuogopwa. Jasho halipozi mwili kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Likikudondoka tone kwa tone mpaka viatuni, hapo unapoteza maji tu, joto linabaki palepale.

Halafu kuna joto unalolitengeneza wewe mwenyewe. Zaidi ya robo tatu ya nguvu anayotumia mkimbiaji huishia kuwa joto, na kadiri anavyoongeza kasi ndivyo linavyozidi. Kwa hiyo usizidharau kilomita 10 ukadhani hatari ni ya marathoni peke yake. Mtu wa marathoni anajibana, anajua safari ni ndefu. Huyu wa kilomita 10 anaamini atavumilia dakika 50, basi anakaza tangu mlio wa kwanza. Moyo unatakiwa upeleke damu kwenye misuli na papo hapo uipeleke kwenye ngozi ikapoe. Damu ni ile ile. Kwa dakika 15 hivi za mwanzo mwili unakudanganya kwamba mambo ni shwari, ndipo deni linaanza kudaiwa.

Nusu ya kwanza sina la kuisimulia. Meza za maji zilikuwa na vurugu ya kawaida, kila mtu akirukia meza ya mwanzo wakati ya mwisho imejaa vikombe na haina mtu. (Kikombe kibane mdomo wake kwa vidole kiwe kama birika, unywe mafunda 2 au 3, kinachobaki kimwage utosini na shingoni.) Saa yangu, ambayo hulia kila kilomita, ilikuwa ikilia kabla ya mabango ya kilomita, kama zinavyofanya saa nyingi za GPS, zile zinazopima umbali kwa satelaiti. Njia hupimwa kwa baiskeli kwa kufuata mstari mfupi kuliko wote, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona, na juu yake huongezwa mita 1 kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Sisi wengine hukata kona kwa upana, kwa hiyo saa huhesabu zaidi.

Huyu bwana wa beseni alikuwa mbele yangu kama mita 40, shati jekundu. Alikuwa amenipita mapema sana, na nilikuwa nimeshamsahau mpaka nilipomwona anauvuka mstari mweupe wa katikati, anarudi, anauvuka tena. Bega la kushoto limeshuka. Nyayo zilikuwa zinapiga lami bapa, pwa, pwa, sauti unayoisikia kabla hujamfikia mwenye miguu. Nikamfikia. Ngozi yake ilikuwa imelowa chapachapa, na hilo nataka mlishike, maana wengi tumefundishwa kwamba mwenye kiharusi cha joto, yaani mwili kupata joto mpaka akili ikavurugika, huwa mkavu. Anayepatwa akiwa mbioni mara nyingi anatiririka jasho vilevile. Cha kuangalia ni akili.

"Kaka, zimebaki kilomita ngapi?"

"Kumi na nne," akasema, bila kugeuka.

Katika mbio za kilomita 10.

Nilimshika mkono. Akaunyofoa, kwa nguvu ambayo sikutegemea, akaendelea hatua nne tano, kisha magoti yakaachia. Mbele yetu kulikuwa na meza ya maji, na pembeni yake beseni kubwa la plastiki, lile la kuogeshea mtoto, limejaa barafu, maji na chupa. Dada aliyekuwa anagawa vikombe hakuhitaji maelezo. Alizikumbatia chupa na kuzitupa majanini, mbili mbili, tatu tatu, huku mimi na mwenzake tukimvua yule bwana shati. Tukamkalisha mzima mzima ndani, kiwiliwili chote, miguu ikining'inia nje kwa kuwa beseni halikumtosha. Nilipita nyuma yake nikamkumbatia chini ya makwapa ili kichwa kisizame. Alitukana, akapiga maji kwa viganja, na barafu ikagonga kuta za beseni. Dada akawa anayakoroga maji kwa mkono bila kuacha. Hilo nalo watu hawalijui: maji yaliyotulia hupata joto pale yanapogusa ngozi, yakamzunguka mgonjwa kama blanketi, na upoaji ukapungua. Lazima yakorogwe. Mwenzake alikuwa anachovya taulo na kumfunika nayo kichwani, ikipata joto anaibadilisha. Mtu mmoja akaleta kikombe anyweshwe. Tukamkataza, kwa sababu asiyejitambua ukimpa maji anaweza kuyavuta mapafuni.

Wakimbiaji walikuwa wakipita, wengine wakitutazama, wengi wakitafuta vikombe ambavyo hakuna aliyekuwa akivigawa tena.

Watu wa huduma ya kwanza walifika na machela na gari. Mmoja akataka apakiwe pale pale. Daktari akakataa: kwanza apozwe, ndipo asafirishwe. Kipimajoto cha kwapani au cha paji la uso hakiaminiki kwa mtu aliyetoka kukimbia. Cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa, na daktari hakuona haya. Kilisoma nyuzi 40 na pointi kadhaa, na hapo ameshakaa kwenye barafu dakika kadhaa. Maji ya barafu yanayokorogwa hushusha nyuzi 1 kwa dakika 5 hivi, wakati mwingine upesi zaidi. Piga hesabu ya kurudi nyuma mwenyewe. Joto liliposhuka chini ya 39 tukamtoa asije akapitiliza upande wa pili. Alikuwa anatetemeka, na macho yalikuwa yamerudi. Neno lake la kwanza la maana lilikuwa, "Nani amezima saa yangu?"

Hospitalini hakukaa sana. Mimi nilimaliza kwa kutembea, nguo zikichuruzika maji ya beseni, na sidhani niliwahi kuvuka mstari nikiwa nimepoa kiasi kile.

Sasa kesi yenyewe. Anashikilia kwamba nilimkosesha medali. Anasema angefika, na ushahidi wake ni Alberto Salazar, mkimbiaji maarufu wa Marekani, ambaye mwaka 1978 kwenye mbio za Falmouth kule Marekani alimaliza wa 10, joto la mwili likiwa karibu nyuzi 42. Ni kweli alimaliza. Pia ni kweli kwamba alisomewa sala za mtu anayekufa, na aliokoka kwa kuwa barafu ilikuwapo pale mwisho wa mbio. Nikimwambia hivyo ananijibu kwamba hata kwetu mwisho wa mbio barafu ilikuwapo. Hapo huwa nanyamaza, maana ilikuwapo kweli.

Kuna linalonisumbua kuliko medali yake. Siku ile niliwapita watu wengine wenye bega lililoshuka na nyayo za pwa pwa. Sikumwuliza hata mmoja kilomita ngapi zimebaki, na wote walimaliza. Labda mmojawao naye angejibu kumi na nne. Je, ukiwa mbioni unatakiwa umsimamishe kila anayeyumba? Nusu ya watu wanayumba ifikapo kilomita ya 8, na mimi nimo.

Mara ya mwisho tulipokutana alirudia kwamba zilikuwa zimebaki mita 500 tu, mstari aliuona kwa macho yake. Nikamkumbusha kwamba beseni lilikuwa mbele kidogo ya bango la 7. Akasema bango lilikosewa. Nimemwambia njia ilipimwa kwa baiskeli. Amesema ataleta baiskeli yake.