Sevu ya nyumba ya Bibi

Jumamosi nilifungua The Sims 4, gemu la kompyuta ambamo nimeijenga upya nyumba ya Bibi, nikakuta baraza lake tupu. Mkeka haupo, mbuzi ya kukunia nazi haipo, jiko la mkaa halipo. Bibi mwenyewe kasimama sebuleni hana nywele, kavaa jinzi. Bibi yangu marehemu, ambaye sikuwahi kumwona nyumbani bila kanga.

Mnaocheza mmeshajua kilichotokea. Apdeti kubwa ikishuka, gemu huzima modi (faili za wachezaji zinazobadilisha gemu) na vitu vyote vya kuongezea mpaka uingie kwenye mipangilio uviwashe, kisha ulifunge na kulifungua upya. Ijumaa usiku umeme ulikuwa unakatika na kurudi, laptopu yangu haikai na chaji, na mimi nikawa nyuma ya nyumba najenga choo. Nikasevu mara tatu kwa kuogopa giza bila kupita mbele hata mara moja. Kila ambacho gemu halikukiona wakati ule likakiondoa. Kuwasha modi baadaye hakurudishi mkeka.

Kilichoniokoa kimo kwenye folda ya Saves, ndani ya Documents, Electronic Arts, The Sims 4. Utaona faili kama Slot_00000002.save, na jirani yake majina yaleyale yakiishia .ver0 mpaka .ver4. Hizo ni sevu tano zilizotangulia, .ver0 ikiwa ya karibuni zaidi. Nimesevu mara tatu, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa kwenye .ver2, tarehe yake ilisema Alhamisi. Niliinakili kando, nikaondoa kile kimkia cha .ver2, nikaipa namba isiyotumika. Nikawasha modi kwanza, ndipo nikaingia. Jiko lilikuwa pale pale, na Bibi yupo kwenye mkeka.

Kanga yake ndiyo iliyonitoa jasho. Niliitengeneza mwenyewe kwa Sims 4 Studio, programu ya kutengenezea vitu vya gemu hili, kutokana na picha niliyopiga ya kanga yake halisi iliyopo kabatini kwa mama. Picha ya nguo kwenye gemu ina upana wa 1024 na urefu wa 2048, mbele na nyuma zimetandazwa ubavu kwa ubavu. Maandishi ya kanga, WEMA HAUOZI, yaliangukia kwenye mshono wa nyonga: WEMA ikabaki mbele, HAUOZI ikazungukia nyuma. Siku nne nilisogeza herufi moja moja mpaka jina lote likakaa nyuma, mahali pake.

Hapo ndipo nilipobadilisha mpangilio wangu wote. Folda yangu ya Mods ina faili 1,200 na ushee, karibu zote nimezishusha kwa bando la usiku. Zikipotea nitaumia, lakini zinashushika tena. Kanga haishushiki popote. Wala Saves, wala Tray, ambamo gemu huhifadhi familia na nyumba ulizoziweka maktaba. Hivyo vitatu vinaenea kwenye flashi ndogo, na sasa vinakwenda huko kila nikimaliza kucheza.

Mods nimeigawa kwa Kiswahili: Nywele, Nguo, Nyumba, Vyombo, na Zangu. Faili za .ts4script, zile za modi zenye maagizo ya programu, nimeziacha juu juu, kwani ukizifukia zaidi ya folda moja ndani gemu halizisomi. Kila ninachoshusha nakiandika kwenye daftari: jina, nilikokitoa, tarehe. Ngozi za kushusha nimefuta zote. Tangu Desemba 2020, gemu lilipoongezewa rangi za ngozi zaidi ya 100, weusi wa Bibi naupata humo humo.

Baada ya hapo milango ikagoma kufunguka, maana yake kuna modi iliyopitwa na apdeti. Unatoa nusu ya faili, unafungua gemu, unajaribu. Tatizo likiwepo bado, limo kwenye nusu iliyobaki. Unaikata tena nusu. Faili 1,200 ni raundi kumi na moja hivi. Kila raundi futa kwanza localthumbcache.package, faili ya kumbukumbu za muda za gemu, la sivyo gemu linaweza kukuonyesha mambo ya zamani. Nilianza baada ya magharibi, nikampata mkosaji saa sita usiku: modi ya mapishi niliyoisahau kabisa.

Mama aliamka kunywa maji akanikuta. Akainama mbele ya skrini, akakaa kimya kitambo.

“Kigoda chake hakikuwa huko,” akasema. “Mama alikuwa anakaa kushoto kwa mlango, aone wanaotoka kisimani.”

Nikakihamishia kushoto. Nikasevu kwa jina jipya, nikachomeka flashi, mama bado kasimama nyuma yangu.