Nilivyozisaka siku 417 nikiwa Kigoma

Nilitaka kitu kimoja tu: kuipata mwenyewe ile namba 417.

Kuna kwasari, yaani kiini king'aavu mno cha galaksi ya mbali sana, iitwayo Q0957+561. Mwaka 1979 wanaastronomia Walsh, Carswell na Weymann waligundua kwamba vinukta viwili vilivyokaribiana angani ni kitu kimoja kinachoonekana mara mbili, kwa sababu galaksi iliyo katikati ya njia inaupinda mwanga wake. Kwasari haitulii, mara inang'aa, mara inafifia. Njia mbili za mwanga hazilingani urefu, na moja inapita karibu zaidi na galaksi, ambako uvutano unauchelewesha. Basi vile vinukta viwili tuviite picha A na picha B: mabadiliko yakitokea kwenye A, B huyarudia baada ya siku kama 417.

Darubini sina. Nina laptop, bando la usiku, na vipimo vya miaka kadhaa ambavyo wanaastronomia wameviacha wazi kwa yeyote.

Jioni ya kwanza niliipoteza kijinga. Kwenye magnitudi, kipimo cha mwangaza wa vitu vya angani, namba ikikua mwanga umepungua. Nikachora grafu kichwa chini miguu juu, na mimi ndiye mwalimu wa fizikia!

Kisha nikaanza kazi yenyewe. Nikaisogeza B nyuma siku moja moja, kuanzia 300 hadi 600. Kila nikisogeza, natafuta vipimo vya A na B vilivyopishana siku zisizozidi tatu, naondoa tofauti yao ya kawaida ya mwangaza, kinachobaki nakipandisha kipeo cha pili, najumlisha. Jumla ndogo kuliko zote ndiyo jibu. Umeme ulikatika mara mbili, lakini jibu likaja: karibu 540. Nikakagua fomula mara tatu. Fomula haikuwa na tatizo.

Jumamosi nikashuka Kibirizi kwa mjomba. Ulikuwa wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wamepumzika, naye anashona nyavu. Nikamweleza shida yangu, angalau niitue.

"Hao wenye darubini wanatazama mwaka mzima?"

"Hapana, mjomba. Kuna miezi jua linakuwa upande uleule, hawapimi."

"Kumbe na wao wana mbalamwezi yao." Akakata uzi kwa meno. "Sasa mpwa wangu, ukitaka kulinganisha boti yangu na ya jirani, si unahesabu usiku tuliotoka wote wawili? Usiku tuliolala utalinganisha nini?"

Nilirudi nyumbani na bodaboda badala ya kutembea.

Siku 540 ni mwaka mmoja na karibu nusu ya mwingine. Ukisogeza kiasi hicho, vipimo vingi vya A vinaangukia kwenye mapengo ya B. Zinabaki jozi chache mno, na jumla inakuwa ndogo kwa uchache wa vya kujumlisha, wala si kwa kulingana. Nikatumia wastani badala ya jumla, na kila hatua yenye jozi chache nikaitupa. Bonde la grafu likahama lote, likatulia kwenye 421.

Nilijisikia nafuu zaidi niliposoma kwamba wataalamu nao walibishana hapohapo. Mwaka 1992 kulikuwa na hesabu makini iliyotoa 536, huku wengine wakishikilia karibu 415. Ubishi uliisha kwa mwanaastronomia Kundić na wenzake: Desemba 1994 picha A ilishuka ghafla, wakatangaza mapema kwamba kama ucheleweshaji ni ule mfupi, B nayo itashuka Februari 1996. Ikashuka.

Siku nne zangu za ziada sijazimaliza. Baadhi huenda zinatokana na nyota za ile galaksi, ambazo zikikatiza mbele ya picha moja huibadilisha mwangaza peke yake bila kuigusa nyingine. Hilo sijaliondoa kwenye hesabu.

Nilipomrudia mjomba giza lilikuwa limeshaingia, boti inasukumwa majini, injini inanguruma.

"Mia nne ishirini na moja!" nikapaza sauti.

"Kilo?" akajibu.