Mwanangu alivyoikataa aproni yangu

Kwa miaka mingi mwanangu alikuwa na jibu moja tu: ndiyo. Unataka kutunga shanga? Ndiyo. Kuoka mikate? Ndiyo. Nikamsifia kwa mwalimu wake wa kitengo maalumu cha wanafunzi wenye ulemavu hapa Kawangware, Nairobi, kwamba kijana hana shida, anakubali kila kitu. Mwalimu akacheka. "Mama, hebu mgeuzie swali."

Nikamgeuzia. Kushona au kupika? Kupika. Kupika au kushona? Kushona. Kumbe alikuwa anaokota neno la mwisho anipe, tuyamalize.

Alikuwa na miaka 17. Chini ya CBC, mtaala wa umilisi wa hapa Kenya, wanafunzi wenye ulemavu wa akili kama wake hawaendi kwa gredi. Wana ngazi zao, na baada ya maandalizi ya ufundi huja ufundi wenyewe. Sasa ufundi upi? Mimi nilishachagua mikate. Hata aproni nilikuwa nimenunua, sikumwambia mtu.

Mwalimu akanishauri nipunguze maneno. Nikapiga picha za watu wakiwa kazini mtaani, nikazichapisha saiba, nikazitandaza mezani na kunyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo paliponitoa jasho. Dakika inapita, mdomo unaniwasha! Siku ya tatu akachukua picha ya vijana wanaoosha magari karibu na stegi. Nikaichomeka chini ya zingine, Mungu anisamehe. Akaifukua.

Roho yangu haikupenda. Maji baridi, tena watu wa kumpunja hawakosi. Lakini tulikubaliana ajaribu kazi zote mbili, mikate na magari, Jumamosi tatu tatu. Kwenye unga alikaa dakika kumi, akaenda kusimama mlangoni. Kwenye magari alisugua rimu moja mpaka mwenye gari akamwambia basi, imetosha.

Pesa tulizianza kwa wanyama walio kwenye sarafu: simba ni 10, ndovu ni 20. Andazi simba mmoja, chai ndovu. Noti tunazitambua kwa rangi, ila ile ya 200 bado humchanganya, kwa hiyo tajiri wake amekubali kumlipa kwa noti za 100 tu, na anazihesabia mkononi mwa kijana, si mwangu.

Mwezi uliopita nilimwambia kuna nafasi ya kuoka kanisani, je, angependa kuhama?

"Hapana," akasema, akaendelea kuvaa gambuti.

Aproni naivaa mimi.