Siku yangu moja pale Sokoine: mechi saa kumi, lori la jukwaa saa moja usiku

Saa 11 alfajiri
Naamka kabla ya alamu na sio kwa kupenda, ni mvua. Imepiga bati tangu saa tisa na mtu wa kazi yangu akisikia mvua usiku wa kuamkia mechi hapati tena usingizi, anaanza kupiga hesabu kichwani, golini kutakuwa na maji kiasi gani, mistari ya jana imebaki au imeondoka. Kwa wasionijua, mimi ni mmoja wa wanaotunza pichi ya uwanja wa Sokoine hapa Mbeya. Mwezi wa tatu huu, mvua na baridi yake, chai naimalizia mlangoni.

Saa 12 asubuhi
Bajaji kutoka Ilomba. Dereva ananiuliza "kaka, leo tunawafunga?" namuuliza sisi nani, anacheka tu. Swali la halali kabisa hilo, maana hapa kwetu Wajelajela wa Prisons ni wetu na Mbeya City ni wetu, ila akishuka mmoja wa wale wa Kariakoo, Simba au Yanga, kama leo nusu ya mji inabadilisha jezi na ukiuliza unaambiwa mapenzi hayana mkoa.

Getini namkuta mzee wa ulinzi wa usiku. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, halafu ananipa ripoti: kuna watu wawili walikuja saa nane usiku wanasema wamesahau funguo humo ndani. Funguo! Kamati ya ufundi hao, watu wa ndumba za timu, wala hakuna haja ya kuuliza wa timu gani. Ikabidi tupite wote wawili golini tukiangalia kama kuna udongo umechimbwachimbwa. Mimi mambo hayo siyaamini sana ila kishimo ni kishimo, kiwe cha mganga au cha panya, kipa akikikanyaga anateguka vilevile.

Saa 1 mpaka saa 4
Hapa ndio kazi yenyewe, mengine yote ni maneno. Mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, nyasi zimelowa chapachapa, kwa hiyo mashine ya kukatia inasubiri kwanza maana nyasi mbichi zinaganda kwenye kisu na ukilazimisha inang'oa badala ya kukata. Tunaanza na maji. Watu wakiona dimbwi wanapiga kelele mwaga mchanga, mwaga mchanga, bila kujua mchanga ukiumwaga juu ya tope unaenda kuziba vile vitundu vidogo ambavyo maji yangeshukia. Sisi tunachukua vipande vya godoro la sponji, unakilaza juu ya dimbwi, unakikanyaga taratibu, unakikamulia kwenye ndoo, unarudia. Maji ya juu yakiisha unachoma ardhi kwa uma mrefu ili yaliyobaki yapate njia, mchanga unakuja mwisho tena kidogo. Golini na pale kwa mshika kibendera ndio panachosha kuliko kote, panakanyagwa kila siku mahali palepale.

Saa tatu jua likatoka, tukakata, tukaingia kwenye mistari. Zamani ilikuwa chokaa, ambayo ikilowana inachoma ngozi, muulize mchezaji yeyote wa zamani aliyewahi kuteleza juu yake na bukta fupi. Siku hizi ni rangi nyeupe ya maji. Nina dogo najifunza naye kazi, yaani namfundisha na yeye ananifundisha kutumia simu, nikamwonesha namna ya kupata kona iliyonyooka bila kipimo chochote cha kizungu: kigingi kwenye kona, pima mita tatu upande huu, mita nne upande ule, kamba ya mita tano ikifunga vizuri kati yao basi kona yako ni sahihi, isipofunga sogeza. Akasema kumbe ile ya Pythagoras ina kazi! Duara la kati ni kamba ya mita 9.15 na kigingi kimoja, unazunguka nayo. Penati mita 11. Ile tunayoita kumi na nane, yaani boksi la penati, ni mita 16.5. Upana wa mstari usizidi sentimita 12, na mtambaa panya lazima uwe mita 2.44 kutoka chini, sasa ukijaza udongo mwingi golini kufukia shimo umeshampunguzia kipa goli, na kamisaa wa mechi mwenye macho anakuja na futi yake.

Saa 4
Kikao cha maandalizi, rangi za jezi, gari la wagonjwa, askari. Mimi sihusiki, nilikuwa nakula viazi na maharage kwa mama mmoja nje ya geti.

Saa 7 mchana
Milango imefunguliwa, watu wa Tukuyu na Kyela wameshafika, wa Tunduma wanasema wamekwama kwenye foleni ya malori. Kelele zimeanza mapema. Wazee wa hapa watakwambia hizi sio kelele, kelele ilikuwa msimu wa 2013/14, Mbeya City wamepanda daraja wakamaliza nafasi ya tatu, juu ya Simba, mji mzima ukawa zambarau. Tukiwa tunapanga madogo wa kuokota mipira mmoja akaniuliza, anko, huyu Sokoine alichezea timu gani? Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia alikuwa Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, alifariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, Morogoro, 12 Aprili 1984. Akafikiria kidogo akasema "kwa hiyo hakucheza kabisa?"

Saa 10 jioni
Kipenga. Msiniulize magoli nani kafunga, mimi naangalia miguu. Mchezaji akiteleza kunyang'anya mpira nyasi ikaruka nakariri pale pale ni wapi, mapumziko yakifika tunaingia watatu kurudisha vipande na kuvikandamiza kwa kisigino, robo saa haitoshi ila ndio iliyopo. Maji hayakurudi golini. Mshika kibendera mmoja kanipa dole gumba, kwenye kazi hii hiyo ni bonasi.

Saa 12 jioni
Mechi imeisha, watu wanatoka wanabishana, na mimi moyo unaanza kwenda mbio kwa sababu kesho pale pale kuna tamasha na lori la jukwaa liko njiani.

Saa 1 usiku
Limefika, tani zake sijui ngapi, na dereva anataka kukatiza katikati ya pichi. Nyasi zimelowa, zimetoka kuchezewa dakika tisini na zaidi, ukipitisha lori hapo matairi yanazama na yale matuta hayaondoki kwa reki, udongo wa chini unashindiliwa, maji hayapiti, mizizi inakosa hewa, wiki mbili baadaye pana kipara na lawama ni za kwangu. Msimamizi wa jukwaa ananiambia bosi mbona Dar wanafanya. Nikamwambia Dar wana Uhuru na Mkapa vimepakana, Mkapa yenyewe watu 60,000, kuna Chamazi, kuna Mwenge, uwanja mmoja ukichoka wanahamia mwingine. Sisi tuna huu.

Na mimi sikatai matamasha jamani. Uwanja haukujengwa kwa ajili ya mpira tu, bendera ya uhuru 1961 ilipandishwa uwanjani, sherehe uwanjani, kwaya uwanjani, misiba ya kitaifa uwanjani, na hiyo hela ya tamasha ndio inanunua rangi na mafuta ya mashine. Ninachotaka ni mbao chini ya matairi na jukwaa likae nyuma ya goli. Tumebishana kama nusu saa, kapiga simu, nami nikapiga simu, mwisho mbao zikapatikana, tena zilikuwemo humo humo kwenye lori muda wote!

Saa 3 usiku
Limebaki jenereta tu kushushwa, na ndio kizito kuliko vyote, nimemwambia dogo asitoke mpaka alione limekaa juu ya mbao. Kesho watu wakitoka sisi ndio tunaingia kuokota vizibo, vijiti vya mishikaki na misumari ya mafundi jukwaa. Misumari tunaivutia kwa sumaku ya spika mbovu tuliyoifunga kamba, inafanya kazi ila ni ndogo mno, kwa hiyo mwenye spika kubwa imeungua pale Mwanjelwa au Kabwe asiitupe, anicheki.