Nilivyotenganisha mapigo ya metronomu na sauti ya gitaa kwenye prosesa moja

Mpiga gitaa anayefanya mazoezi nyumbani hahangaiki na metronomu, yaani kifaa au programu inayogonga mapigo ya kumwongoza mpigaji. Prosesa nyingi za kidijitali, yaani vile vifaa vya kukanyagwa vinavyobeba mwangwi, korasi, disto na miigo ya amplifaya ndani ya boksi moja, huja na midundo yake ya mazoezi; unavaa hedifoni, unachagua tempo, yaani idadi ya mapigo kwa dakika, unapiga. Ugumu huanza unapotaka mapigo hayo yakufuate jukwaani, kwa sababu katika prosesa kama yangu mdundo wa ndani hutokea kwenye matundu yaleyale yanayopeleka gitaa kwa fundi mitambo, na kutoka hapo huenda moja kwa moja kwenye spika za waumini.

Mimi hupiga gitaa la solo katika kundi la kusifu na kuabudu la kanisa moja jijini Dar es Salaam. Aliyeomba metronomu ni mpiga drams wetu, kijana makini ambaye alikuwa amechoka kuona nyimbo za taratibu zikianza vizuri na kukimbia kila tunapofika kwenye kiitikio. Hatukuwa na mikisa ya kidijitali wala mfumo wa kumpelekea kila mpigaji sauti yake masikioni. Tulikuwa na prosesa yangu, yenye tundu la kutolea sauti la kushoto na la kulia, tundu la hedifoni, na tundu dogo la AUX la kuingizia muziki kutoka kwenye simu. Nikaamua matundu yale mawili ya kutolea sauti yasiwe tena pande mbili za stereo, bali njia mbili za kuwahudumia watu wawili tofauti: kushoto gitaa liende kwa waumini, kulia mapigo yaende kwa mpiga drams.

Metronomu yenyewe ni programu ya kwenye simu. Katika mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, kuna kitelezi cha kusawazisha sauti ya kushoto na ya kulia; nilikisukuma hadi mwisho wa kulia, kisha nikahakikisha kwamba sauti ya mono, inayochanganya pande mbili kuwa moja na ambayo aghalabu hukaa ukurasa huohuo, imezimwa. Kebo inayotoka kwenye simu kwenda AUX lazima iwe ya stereo, na njia rahisi ya kuitambua ni kuangalia pini zake: pini ya stereo ina mistari miwili myeusi, ya mono ina mmoja. Upande wa gitaa nilikwenda priseti baada ya priseti, yaani mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa, na mwishoni mwa mnyororo wa efekti, baada ya mwangwi na riva (ule mvumo wa sauti kama ya ukumbini), nikalielekeza gitaa lote kushoto. Riva ikiwekwa baada ya hatua hiyo, mkia wake wa stereo unarudi kulia na kumfikia mpiga drams, ambaye hauhitaji.

Jambo linaloweza kuharibu mpango mzima limeandikwa kwa herufi ndogo juu ya tundu la kushoto: L/MONO. Maana yake ni kwamba ikiwa tundu la kulia liko tupu, prosesa huunganisha pande zote mbili na kuzitoa kushoto, na mapigo yote yatasikika kanisani. Kwa hiyo tundu la kulia halikai tupu kamwe. Kebo yake huenda kwenye kimikisa kidogo kilichopo kando ya drams, na siku mpiga drams asipohitaji mapigo, kebo inaachwa hapohapo ilipochomekwa kwenye prosesa. Kabla ya ibada hufanya jaribio moja ambalo sikubali kuliruka hata kama muda umebana: nakanyaga tyuna, kile kipimio cha kuweka nyuzi sawa, ambayo hunyamazisha gitaa lakini haigusi AUX, nawasha metronomu, na kumwomba fundi mitambo apandishe chaneli yangu. Spika zikibaki kimya, njia ni safi.

Kwa kuwa hedifoni zangu zimechomekwa kwenye prosesa hiyohiyo, nasikia gitaa sikio la kushoto na mapigo sikio la kulia, na nimeupenda mpangilio huu kuliko ule wa kuchanganya vyote katikati, kwani kila kimoja kina mahali pake na sihitaji kupandisha mapigo ili nisiyapoteze ninapopiga kwa nguvu.

Wapo waliopendekeza hedifoni za Bluetooth ili kupunguza nyaya. Nisingemshauri mtu yeyote. Ucheleweshaji wa Bluetooth ya kawaida mara nyingi hufika milisekunde 100 hadi 200, na katika tempo ya 120 robo ya pigo ni milisekunde 125 tu. Mpigaji atakuwa anafuata pigo lililokwisha kupita. Waya hauna tatizo hilo. Chaja ya simu nayo huchomolewa wakati wa kupiga, maana simu inayochajiwa kwenye soketi moja na prosesa mara nyingi huingiza mvumo kupitia AUX.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi, na ambayo naona wapiga gitaa wengi wanaipuuza, ni kulinganisha mwangwi na mapigo. Hesabu yake ni fupi: gawanya 60,000 kwa tempo, utapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Wimbo wa tempo 96 una pigo la milisekunde 625, na mwangwi wa robo tatu ya pigo, ule unaojaza nafasi kati ya noti bila kuzifunika, ni takriban 469. Zamani nilikuwa nikiikanyagia tempo kwa mguu kama wengi wanavyofanya, lakini mguu ukikosea ukaweka 94 badala ya 96, kila rudio la mwangwi wa pigo zima huchelewa kwa milisekunde 13, na rudio la nne limeshachelewa zaidi ya 50. Bila metronomu sikio husamehe. Ikiwapo, kasoro inasikika wazi. Sasa namba naiandika ndani ya priseti yenyewe.

Simu na prosesa hazijaunganishwa kwa saa ya MIDI, lugha ya vifaa vya muziki kuwasiliana, ile inayopeleka ishara 24 kwa kila robo noti, na kwa mwangwi wala haihitajiki. Mwangwi huanza kuhesabu pale noti inapopigwa. Ukiipiga juu ya pigo, marudio yake yataangukia yanapostahili. Tremolo, efekti inayopandisha na kushusha ukubwa wa sauti, ni habari nyingine, kwa kuwa wimbi lake huzunguka lenyewe na lina mwanzo wake, hivyo tempo mbili zinaweza kufanana na bado tremolo ikapanda pigo linaposhuka. Nimeiondoa kwenye nyimbo zote zenye metronomu.

Nyimbo za sita kwa nane, zenye mwendo kama wa chakacha, zinataka uangalifu wa peke yake. Metronomu hugonga mara mbili kwa kila kipimo, kila pigo likibeba noti tatu za nane, ilhali prosesa huhesabu robo noti, yaani noti mbili za nane. Simu ikiwa 80, prosesa iwe 120. Unazidisha kwa moja na nusu. Karatasi ya orodha ya nyimbo zetu ina safu mbili za namba kwa ajili hiyo.

Kwenye sebene tunazima mapigo. Mwongozaji wa sifa hupanda na kushuka kwa namna ambayo hakuna mashine ya kuifuata, na kwa maoni yangu haipaswi kufuatwa na mashine. Mpiga besi naye ameshaomba apewe mapigo, lakini kimikisa cha drams kina tundu moja tu la hedifoni, kwa hiyo jambo linalofuata ni kutafuta amplifaya ndogo ya hedifoni yenye matundu mawili.